Nilizikata Leso za Nyanya

Mjomba ndiye aliyenikataza mwanzo, na alikuwa na haki yake. Tulikuwa nyumbani kwa Nyanya, Kibokoni, khitma imepita na wageni wametawanyika, sanduku lake la mbao liko wazi juu ya mkeka. Mama alikuwa akitoa nguo moja moja, akiikunjua, akiikunja tena, bila ya neno. Nikasema mimi nataka leso zake, zile kanga za kujitanda, nizishone mfarishi, nguo ya kujifunika ya vipande vilivyoungwa.

"Uzikate?" Mjomba akauliza.

"Nizikate, kisha niziunge."

Akakaa kimya kitambo. "Mwanangu, nguo hizi zikitolewa sadaka, thawabu zamfikia huko aliko. Ukizikata ukajifunika wewe, yeye apata n'nini?"

Sikuwa na jibu, na siku ile sikulitafuta. Mimi ni mjukuu, na watoto wake watatu wako hai. Nguo za marehemu, hata ziwe mararu, ni mali ya warithi kama ilivyo nyumba na dhahabu, na kwenye mirathi ile mimi sikuwa na fungu. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu watu wauone mfarishi huu huniuliza namba ya sindano na aina ya uzi, na hakuna anayeniuliza la idhini. Anza nalo. Nimeona ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa ajili ya kikoi cha baba yao kilichochukuliwa kimya kimya.

Aliyeamua ni Mamkuu, dada mkubwa wa Mama. Alilivuta sanduku mbele yake akafanya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni leso mpya, nyingi bado doti nzima haijakatwa, zina dondo, ukizigusa zalia kama karatasi. Hizo zikaenda sadaka, nyingine kwa wasichana wa mtaani wanaoolewa, nyingine kwa kina mama wanaoosha maiti, maana maiti husitiriwa kwa leso anapooshwa. Fungu la pili ni zile zilizochakaa. Akazipapasa moja moja, akasema, "Hizi hazina wa kumpa. Mpeni mtoto."

Mjomba akaridhika. Jioni ile nikarudi kwangu Majengo na leso 19, madera mawili na buibui moja, vyote ndani ya mfuko wa sandarusi.

Nilizitandaza kitandani, na hapo ndipo nilipoona alichonipa Mamkuu. Leso mpya Nyanya alizinunua akaziweka, hazikuwahi kumjua. Hizi zilimjua. Hii ya korosho za manjano ina alama za kuungua kwenye pindo, kwa kuepulia sufuria. Hii ya buluu ilikuwa mbeleko: katikati imelegea, nyuzi zimeachana mahali alipokalia mtoto, na mtoto wa mwisho kubebwa humo ni mimi. Nyingine imepauka duara moja tu, mahali palipokaa kata ya kichwani alipobeba maji siku bomba lilipokauka. Karibu zote zina pembe moja iliyosinyaa, huipigi pasi ikanyooka, kwa miaka ya kufungia pesa humo kwa fundo.

Lakini kilichonikalisha macho usiku ule ni upindo wake.

Leso ikinunuliwa huwa mbili zimeungana, lazima zikatwe na kupindwa. Ukienda Biashara Street utawakuta mafundi wamekaa nje ya maduka na vyerehani vyao, wakupindia papo hapo ukisubiri. Nyanya hakuwahi kuwapa kazi hiyo. Alipinda mwenyewe kwa mkono, amekaa kizingitini baada ya Alasiri, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kwa hiyo kila leso ina mwandiko wake. Nikachukua rula, nikaanza kuhesabu. Kwenye zile za zamani kabisa, inchi moja ina mishono 12, pengine 13, sawa sawa kama meno ya kitana. Zinazofuata ni 9. Kisha 7, na mstari umeanza kupanda na kushuka. Leso ya mwisho aliyoipinda ina mishono 4 kwa inchi, na mahali pamoja sindano imetoka nje ya upindo kabisa, ikarudi, ikatoka tena. Huo ni mwaka mtoto wa jicho alipokuwa amemziba macho yote mawili na sisi hatujui. Tukimuuliza, alisema yuwaona. Sindano ilikuwa ikisema kweli muda wote huo, na leso zenyewe ni sisi tuliokuwa tukizifua na kuzianika.

Nilikuwa nimepanga kuukata upindo wote niutupe, kama wanavyofundisha, kwa sababu huongeza unene kwenye kiungo. Sikuutupa hata uzi mmoja.

Wapo walioniambia kwamba leso haikuumbwa ikatwe, na kuiunga ni kuiharibu. Mimi naona kinyume chake. Neno lenyewe ni la Wareno, lenço, kitambaa cha mkono. Inavyosimuliwa huku Pwani, karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora, wakachukua sita, vitatu juu na vitatu chini, wakaviunga vikawa nguo moja ya kujitanda. Wenye maduka wakaona, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa tayari. Basi leso ya mwanzo ilikuwa ya kuunga, na aliyeiunga ni mwanamke amekaa nyumbani na sindano yake.

Maandishi yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Anayetajwa sana kwa kuyaanzisha ni mfanyabiashara wa hapa hapa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ya tangu 1887 watu waliizoea kwa jina la Mali ya Abdulla. Katika leso zangu 19, sita zina chapa hiyo pembeni, K.H.E. Mali ya Abdulla, nyingine imefifia hadi lazima uielekeze dirishani ndipo uisome.

Kwetu Mombasa, maandishi hayo ndiyo jina la leso. Mtu hakuulizi leso yako imeandikwa nini, hukuuliza ina jina gani. Na Nyanya hakununua leso kwa rangi. Chuoni, kwenye madrasa, alisoma herufi za Kiarabu, hizi za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo alisimama mbele ya muuzaji akamwambia, "Nisomee." Akasomewa ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, ya tatu. Ikifika anayoitaka, akatoa fundo lake. Akiwa ameshasomewa mara moja hakuisahau. Mimi nilijua kusoma, na yeye alijua ujumbe ni wa nani.

Mjomba alipokuwa kazini Nairobi na miezi ikapita bila ya simu, Nyanya alijitanda Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu, na siku Mjomba alipobisha hodi ndiyo aliyomkuta nayo. Binamu yangu alipotaka kwenda Uarabuni kwa sababu tu rafiki yake amekwenda, akamvalia Usisafirie nyota ya mwenzio. Iko Mama nipe radhi kuishi na watu kazi, ambayo aliivaa baada ya mamake kufa na hakutaka mtu aizungumze. Na iko nyekundu moja, imechanika katikati ikatiwa kiraka, Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake. Hiyo ilikuwa ya kumsema jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Waligombana kwa maji ya paa, mchirizi wa huyu ukimwagikia mlangoni kwa huyu, na kwa miaka kadhaa hawakusemezana kwa mdomo. Leso zilisema.

Ndiyo sababu viraka vya mraba, kama nilivyoviona kwenye picha, havikunifaa. Ningekata jina katikati, ningepata "meno yake sio" huku na "gopi mtu" kule. Nikaamua kila jina likatwe refu, upana wa inchi 5, na majina yote yapangwe moja chini ya jingine katikati ya mfarishi, kama barua. Yaliyosomeka yalikuwa 11. Sehemu nyingine za leso, pindo na mji, yaani katikati yake, nikazikata miraba ya kuzunguka pande mbili, na nyuzi zake za upindo nikazielekeza juu zionekane.

Sasa kazi. Nitasema yale tu yaliyonigharimu.

La kwanza ni rangi kuchuja. Sandukuni mlikuwa na kisutu chake cha arusi, kile chekundu, cheusi na cheupe, kimekunjwa miaka yote hiyo mkunjo ule ule mpaka kimeanza kukatika kwenye mikunjo. Watu wengi hudhani nguo ikiwekwa sandukuni imehifadhiwa. Unyevu wa hewa ya Mombasa hauheshimu sanduku, na mkunjo usiobadilishwa huukata uzi polepole kama kisu. Kisutu hicho hakikuwahi kufuliwa vizuri, na mimi sikukijaribu. Nilikinyunyizia maji nikipige pasi, pembeni pana kile kipande cha Mama nipe radhi, cheupe. Wekundu ukaingia. Nilikaa chini nikalia, kwa kweli, maana ile leso hakuna nyingine. Nimekifua mara nyingi na doa halikutoka, liko pale juu ya neno "radhi". Kwa hiyo nakuomba: kabla ya kitu chochote, chovya pembe ya kila nguo kwenye maji, iminye kwenye kitambaa cheupe, uone. Inayochuja iloweke peke yake kwenye maji baridi, ubadilishe maji mpaka yawe meupe kabisa.

La pili ni robo inchi. Kila kiungo hula robo inchi upande huu na robo upande huu. Majina yangu 11 yalikuwa inchi 55 yakiwa yamelazwa kitandani, nikakata mbavu za mfarishi, zile pande mbili, inchi 55. Nilipomaliza kuunga, viungo 10 vilikuwa vimekula inchi 5, nguzo ya majina ikawa inchi 50 na mbavu zikaning'inia. Piga hesabu ya viungo kabla ya mkasi.

La tatu ni pasi. Leso ni pamba, hustahimili pasi kali. Buibui si pamba. Nilitaka liwe ukanda wa kuzunguka nje, na kipande cha kwanza kiliyeyuka kikagandia pasi. Vilivyobaki nilivipiga pasi ya uvuguvugu, kitambaa cha pamba juu yake.

Mama alipoona kisutu mkononi mwangu na mkasi mezani, alisema neno moja tu: "Sikate." Sikukikata. Kikawa mgongo wa mfarishi, kizima, na kwa kuwa hakikutosha nikakizungushia kitambaa cha madera. Mikunjo iliyokuwa ikikatika niliitilia kiraka kwa ndani.

Katikati, kati ya uso na mgongo, watu wa nchi za baridi hutia pamba nzito. Kwa joto la Kaskazi la hapa ungekuwa ni mfarishi wa kutazamwa. Mimi nilitia shuka yake moja kuukuu, basi. Na hapa nilipata somo kutoka kwa watu ambao sikuwatarajia. Usiku nikisoma kwenye simu niliwakuta Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao baadhi ya wahenga wao walipelekwa Goa na Wareno, Wareno hao hao walioanza kujenga Fort Jesus hapa mwaka 1593 na kutuachia neno leso. Wanawake wao hushona mifarishi wanayoiita kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani, kwa mkono. Huanza pembeni, mshono wa mbele kwa mbele, wakazunguka ukingo wote, wakaingia ndani mzunguko baada ya mzunguko hadi kufika kati. Na kwenye pembe nne hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, huviita phula, maua. Kwao mfarishi usio na maua ya pembe haujakamilika.

Nilikuwa na pembe zangu tayari. Zile pembe za leso zilizosinyaa kwa fundo la pesa, ambazo nilikuwa nahangaika nizifanye nini, nilizikata nne nikazikunja kama zilivyotaka kukunjika zenyewe, nikazishona pembe nne za mfarishi. Hazikuhitaji pasi.

Nikamsoma pia Missouri Pettway wa Gee's Bend, Alabama, mwanamke wa shambani nchini Marekani. Mwaka 1942, baada ya mumewe kufariki, alichukua nguo zake za kazi akazishona mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa mapenzi yake, kama binti yake alivyokuja kueleza. Nguo zenyewe zina mapauko na madoa ya shamba. Niliitazama picha ya mfarishi ule muda mrefu nikifikiria duara la kata kwenye leso ya Nyanya.

Nilipiga bandi kwanza, nikashika matabaka matatu yasisogee, kisha nikaanza pembeni kwa mkono. Kazi ilichukua kutoka Mfungo Tatu, mwezi wa hija, hadi karibu na Rajabu, maana nilishona usiku tu, baada ya watoto kulala. Vidole vilipochoka nilijua mishono yangu imekuwa 5 au 6 kwa inchi, na nikaiacha hivyo. Kando ya mishono 12 ya Nyanya inaonekana wazi ni mkono wa nani.

Mfarishi uko kwa Mama. Sikuutundika ukutani, ingawa nilishauriwa. Kipupwe kilipoingia, Kusi likavuma na usiku ukawa na baridi kidogo, Mama alianza kujifunika nao, na kila anapouvuta kifuani husema, "Mola amrehemu." Hulisema kila usiku. Mjomba alikuja kumjulia hali siku moja, akaketi ukingoni mwa kitanda akawa ayasoma majina kwa kidole, kutoka juu. Alipofika kwenye Wazazi ni dhahabu, kidole kikasimama. Alikaa pale. Kisha akasema, "Mola amrehemu," akauvuta ukingo ukamfunika Mama miguu, na lile swali lake la siku ya sanduku hakulirudia.

Jirani yule wa Nyanya alikuja wiki iliyopita. Ni mtu mzima sana sasa, hupandishwa ngazi kwa kushikwa mkono. Alikuja kumtazama Mama, na mfarishi ulikuwa umetandikwa. Akauliza ni nini. Mama akamwambia ni leso za marehemu. Akaniambia, "Nisomee, mwanangu."

Nikasoma la kwanza, la pili, la tatu. Nilipokaribia lile jekundu sauti ikanipungua, nikataka kuruka mstari. Akanitangulia. "Naogopa simba na meno yake," akasema, kwa moyo, macho yake ukutani, "siogopi mtu kwa maneno yake. Hiyo ilinijia mimi." Mama akaanza kumwomba radhi, akamkatiza. "Nami nilimjibu. Yangu mwaijua?"

Hatukuijua. Tulikua tukiujua upande mmoja tu wa mazungumzo yale.

Kesho yake alimtuma kitukuu chake na leso imefungwa kwenye gazeti. Nyekundu pia, ina majani meusi, imetoboka mahali pawili. Hasidi hana sababu. Mtoto alikuwa amekariri maneno ya kuniambia: itie kando ya yake, zilizoea kukaa ukuta kwa ukuta.

Nimeiloweka tangu asubuhi, peke yake. Nyekundu siziamini tena. Beseni la kwanza maji yalitoka kama damu, la pili kama maji ya ukwaju, la tatu hafifu. Sasa ni la nne na naona hadi chini. Jana niliuhesabu upindo kabla ya kuutia majini: mishono 10 kwa inchi, kwa mkono, imenyooka kuanzia pembe hadi pembe. Ikikauka nitaufumua ubavu wa kushoto.